Boksi Lililoandikwa DUNGA

Niliondoka nyumbani Dunga Alhamisi ile kwa sababu nilikuwa nimempika Mheshimiwa. Najua jinsi sentensi hiyo inavyosikika, kwa hiyo nieleze haraka kabla mtu hajapiga simu polisi. Mheshimiwa alikuwa bata bukini, dume, mali ya mama mkwe wangu. Alipewa jina hilo kwa sababu alipiga kelele kutwa nzima, alijitanua katikati ya njia akataka kila mtu ampishe, na kazi hakufanya yoyote isipokuwa ile moja, ambayo hatukuijua thamani yake mpaka alipokuwa ameshaingia sufuriani.

Mimi ni Mmaragoli, ndiyo kusema Mluhya, mshonaji wa nguo, na nimeolewa na Okeyo, Mjaluo, fundi wa mashua hapa ufuoni. Siku moja wajomba zangu wawili walitokea kutoka Vihiga bila taarifa. Mjomba Mluhya humwekei omena, dagaa wa ziwani, mezani ukatarajia akakusifu huko kwenu. Mjomba anataka kuku, na kuku sikuwa naye. Mama mkwe, ambaye sote tunamwita Dani kama wajukuu wanavyomwita bibi yao, alikuwa mazishini Homa Bay. Nilikuwa bado nawaza pale Mheshimiwa alipomfuata mjomba mkubwa njiani kwenda chooni, akamuuma kalio. Mjomba akapiga yowe. Mimi nikachukua kisu.

Dani aliporudi kesho yake nilimwambia Mheshimiwa ameingia ziwani na hajaonekana tena. Uongo huo uliishi siku nne. Siku ya tano binti yangu Atieno, mwenye miaka mitano na imani kubwa, alifumba macho kabla ya chakula akaomba Mungu ambariki Mheshimiwa aliye mbinguni na tumboni. Hakuna aliyesema amina.

Tangu hapo Dani hakunisemesha tena. Alizungumza nami kupitia kwa Madam, mjane wa marehemu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hutembea kama mwalimu mkuu anayekagua kucha. "Madam," Dani angesema akiwa hatua mbili kutoka nilipo, "uliza yule mwenye kisu kama chumvi iko." Dani na Madam kwa kawaida huongea Kidholuo, lakini mambo hayo alimwambia kwa Kiswahili, nisije nikakosa neno.

Wiki tatu baadaye Madam akaanza kutaga. Alitaga mayai saba, akayakalia. Bata bukini huatamia mwezi mmoja hivi. Mwezi ukapita, Madam bado amekaa. Dani akayamulika mayai kwa tochi ya simu na kuyakuta meupe ndani kama maji ya kunywa, maana baba yao alikuwa ameondoka kabla ya kuwajibika. Tulipojaribu kuyatoa, Madam alitupiga kwa mabawa akakalia udongo mtupu, ikabidi tuyarudishe. Kufikia siku ya arobaini alikuwa hainuki hata kunywa maji, na ukimshika kifuani unashika mfupa.

Afisa wa mifugo alikuja akamtazama. Alisema kumfukuza kiotani kwa nguvu katika hali ile huenda kukammaliza. Dawa ilikuwa moja tu: vifaranga wa bata bukini waliototolewa siku moja au mbili zilizopita, waingizwe chini yake mmoja mmoja huku mayai yakitolewa.

"Madam," Dani akasema, "uliza mtu hao watoto watatoka wapi, na baba yao alienda kwa sufuria."

Ningeweza kulicheka hilo, na kwa siri nililicheka. Lakini Dani mwenyewe alikuwa ameacha kula vizuri. Aliweka kigoda chake kando ya banda, akakaa na bata wake asubuhi hadi jioni, na nguo nilizomshonea Krismasi zikaanza kumpwaya. Nilimhofia Madam, lakini nilimhofia Dani zaidi.

Nikaanza kutafuta. Ukiuliza vifaranga wa bata bukini upande wetu huu unaoneshwa bata wa kawaida, bata mzinga, na pale sokoni Otonglo nilioneshwa kanga na mtu aliyeniapia kwamba akilishwa vizuri atakuwa bukini. Mwishowe nikampata kwenye simu mfugaji mmoja wa Nakuru anayeitwa Njoroge, ambaye huwatuma kwa basi.

"Mama," aliniambia, "hawa wametoka kwa mayai Jumanne jioni. Kifaranga huzaliwa na chakula ya siku mbili hivi kwa tumbo. Nawaweka kwa basi ya Jumatano, Alhamisi asubuhi uko nao. Alhamisi ikiisha hawajakunywa maji, usinipigie simu ukilia. Niandike wapi?"

Nikamjibu kwa majivuno ya mtu wa ufuoni: "Andika Kageha, Dunga. Dunga kila mtu anaijua."

Saa kumi na mbili asubuhi, Dunga. Mashua za usiku zilikuwa zimeshafika na wanawake wa samaki walikuwa tayari wanagombana na mizani. Nilivaa viatu vya kutembea, nikachukua kikapu na shali nzito ya kuwafunika wageni wangu. Dani alikuwa kigodani. Madam alikuwa amelaza shingo chini, na sikupenda jinsi alivyoilaza.

"Madam," Dani akasema, "ambia mwenye kwenda mjini asipitie kwa bucha."

"Nitarudi nao, Dani," nikamjibu. Alimtazama bata, hakunitazama mimi.

Saa moja, Kisumu mjini. Ofisi ya mizigo ilikuwa chumba kimoja chenye kaunta ya mbao na magunia mpaka darini. Karani alikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti la mvua ndani ya nyumba.

"Kageha?" Alipitisha kidole kwenye daftari. "Hakuna Kageha."

"Ni boksi la vifaranga. Linalia."

"Mama, hapa hakuna kitu inalia isipokuwa wateja."

Nilimsomea namba ya risiti aliyonitumia Njoroge. Basi lilikuwa limefika, mizigo yake ilikuwa imeshushwa, na boksi langu halikuwamo. Karani akampigia simu kondakta wa basi hilo, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Boksi ya vifaranga?" kondakta akasema, sauti nzito ya usingizi. "Si ni ile ya kudunga?"

"Ya kudunga vipi?"

"Imeandikwa kwa kalamu nyekundu, DUNGA. Kubwa kabisa. Vijana wa Nakuru wakaona ni vifaranga wanataka hewa, wakadunga na bisibisi. Tukasimama Londiani, mwingine akaona DUNGA, akadunga. Kila mahali tunasimama mtu anadunga. Kufika Muhoroni ile boksi ilikuwa inataka kuachana na chini yake, na haina mahali inaenda. Nikaachia mama wa mizigo."

"Dunga ni mahali!" nikapiga kelele mpaka mtu aliyekuwa analala juu ya gunia akaamka. "Ni ufuo! Ni kwetu!"

Kondakta akapiga mwayo.

"Aaa," kondakta akasema. "Ile Dunga ya samaki."

Karani alikata simu polepole. "Na jina lako na namba ya simu, hakuandika?"

Aliandika. Picha aliyonitumia Njoroge ninayo mpaka leo: jina langu dogo juu, namba ya simu chini yake, halafu DUNGA kubwa kama bango la mkutano wa injili. Kisumu haikuandikwa popote, na hilo lilikuwa kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nimemhakikishia mtu wa Nakuru kwamba ulimwengu mzima unatujua.

"Basi litarudi jioni kupitia huko," karani akasema. "Naweza kuambia wakubebee kesho."

Kesho wangekuwa wameshakufa. Nilimwambia hivyo, naye akanionyesha kwa kidole upande wa magari ya Mamboleo. Kwa heshima yake niseme kwamba alinipa pia chupa ya maji.

Saa mbili na nusu, barabara ya Muhoroni. Nilipata kiti cha mbele kwenye gari dogo na dereva asiyependa mazungumzo, jambo nililolishukuru. Baada ya Mamboleo milima ya Nandi inasimama upande wa kushoto na miwa inaanza upande wa kulia, halafu miwa inakuwa pande zote na hakuna kingine. Kupita Miwani tulinasa nyuma ya trekta lililovuta matrela mawili ya miwa, likienda kwa mwendo wa bibi harusi. Kila lilipoyumba lilidondosha muwa mmoja, na mama mmoja aliyekuwa akitembea kando ya barabara aliuokota bila kuinama sana, ustadi wa miaka mingi.

Nilihesabu saa. Walikuwa wametoka kwenye mayai Jumanne jioni, na hii ilikuwa Alhamisi, karibu saa nne. Nilijaribu kumwomba Mungu, lakini nilipofika kwenye kueleza kwa nini nahitaji vifaranga hao nikaona aibu, nikaacha. Niliendelea kuitazama miwa. Sijawahi kuichukia mimea namna ile.

Saa tano, Muhoroni. Mji huu unaunusa kabla ya kuuona. Ni harufu ya molasi, tamu na chachu kwa pamoja, na moshi wa kiwanda ukiwa juu ya kila kitu. Mama wa mizigo aliitwa Mama Cherono. Nilimkuta kwenye kibanda chake kando ya barabara, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akichambua maharagwe. Boksi langu lilikuwa miguuni pake, na halikuwa boksi tena. Lilikuwa chujio la chai. Mahali palipokuwa na jina langu palikuwa na tundu la kuingia kidole gumba.

"Nani alidunga hapa?" nikauliza.

"Hapo walikuwa wamedunga tayari," akasema. "Mimi nilidunga hizi za upande, na spoki ya baiskeli. Imeandikwa dunga."

Niliinama nikachungulia ndani. Mlikuwa na majani makavu na kinyesi kidogo cha kijani. Vifaranga hawakuwamo.

Nikakaa chini kwenye vumbi. Nilimwona Madam na shingo yake chini. Nilimwona Dani kigodani.

"Wamekufa?" nikauliza.

"Wafe kwa nini? Kuja uone."

Alinipeleka nyuma ya kibanda. Chini ya ukuta, ndani ya tairi kuukuu, kulikuwa na kuku mwekundu mdogo, mkali, aliyejitanua mpaka manyoya yakaachana, na kila upande wake kulikuwa kumetokeza mdomo mpana wa rangi ya chungwa. Kuku mwenyewe alikuwa na uso wa mtu aliyeomba pikipiki akaletewa lori.

"Alikuwa anaatamia," Mama Cherono akasema. "Nilisikia wanalia kwa baridi, nikamwekea. Amewapenda. Wamekunywa maji pia."

Kama ningekuwa mtu wa kubusu watu ningembusu. Nilianza kutoa kikapu na shali, na hapo upole wake ukapungua.

"Ngoja kwanza," akasema. "Nitajuaje ni wako? Mzigo ya watu ni mzigo ya watu. Nionyeshe jina."

"Jina mmelitoboa!"

"Si mimi."

Tukaliinua boksi tukalisoma pamoja. Ilionekana KA, halafu tundu, halafu HA. Namba ya simu ilianza vizuri, ikaingia tundu, ikatoka, ikaingia jingine. Mama Cherono aliilinganisha na simu yangu kwa makini, tarakimu moja moja, na kila alipofika kwenye tundu alisema "hapa hakuna" kwa sauti ya mtu wa benki. Jina la mji halikuwapo. Alinieleza, na alikuwa na haki, kwamba mwanamke yeyote wa Muhoroni angeweza kusikia vifaranga wanalia akaja kusema ni wake.

Nikampigia Njoroge, nikaweka sauti ya juu.

"Mama, umewapata?"

"Wako mbele yangu. Mwambie mama huyu ni wa nani."

"Ni wa Mama Kageha," Njoroge akasema, "wa Dunga. Nane. Mmoja ana doa nyeusi kwa mgongo. Ndio alikuwa wa mwisho kutoka kwa yai, ako mdogo, mchunge."

Mama Cherono alimpapasa kuku wake tumboni, akatoa kifaranga mdogo wa manjano mwenye doa jeusi mgongoni. Alimtazama, akanitazama.

"Kwa hivyo Dunga ni mahali," akasema.

"Ni mahali."

"Sasa watu wa huko, mkitaka kutuma sindano mnaandika nini?"

Tulianza kuwatoa, na kuku akapigana kama mama yeyote angepigana. Aliniparura mkono kutoka kiganjani mpaka kwenye kiwiko. Nilimwelewa, na nikiri nilijisikia mwizi. Nilikuwa nimekwenda hadi Muhoroni kumtibu mama mmoja, na dawa yake nilikuwa naitoa chini ya mwingine. Mama Cherono alimwingizia mayai yake mwenyewe aliyokuwa ameyaweka kando kwenye kitambaa. Kuku aliyageuza kwa mdomo, akayakalia, akageuza uso ukutani.

Saa saba na nusu, kurudi. Mama Cherono alinitafutia nafasi kwenye lori lililokuwa linapeleka sukari Kisumu. Dereva aliitwa Wafula, Mbukusu wa Bungoma, Mluhya mwenzangu, na alipojua natoka Vihiga alifungua mlango kwa furaha. Aliponyanyua shali na kuona kilichomo kikapuni, furaha hiyo ikageuka kuwa hamu.

"Dada," akasema, "hawa ni wa kula sasa ama wa kula baadaye?"

"Ni wa kufuga."

"Mluhya huyu? Wa kufuga?" Alitazama barabara kwa muda. "Umeolewa wapi?"

"Dunga."

"Sasa ndio nimeelewa. Wamekubadilisha."

Nilimweleza habari yote, kuanzia kalio la mjomba. Wafula alicheka hadi akalazimika kupunguza mwendo, kisha akaniuliza, akiwa na uso wa ibada, kama ngozi ya Mheshimiwa ilikuwa nene. Hata hivyo alifunga dirisha la upande wake ili upepo usiwapige, akaniambia nikiweke kikapu juu ya kifuniko cha injini kati yetu, pale penye joto. Yule mwenye doa jeusi alikuwa amelaza kichwa, hasimami. Karibu na Chemelil Wafula alisimamisha lori, akapangusa punje za sukari zilizomwagika kwenye turubai, akazikoroga na maji yangu kwenye kifuniko cha chupa. Nilimchovya kifaranga mdomo. Mara ya kwanza hakumeza. Mara ya pili alitikisa kichwa akanirushia usoni, na hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za siku ile.

Kutoka hapo mpaka Mamboleo nilikuwa na hofu nyingine. Vifaranga hawa walikuwa wamelelewa na sanduku, kisha kuku, sasa injini. Je, wangemjua Madam? Nikaanza kuwazomea kwa sauti ya bata bukini, ile ya kufyonza hewa kooni, wazizoee lugha za nyumbani. Wafula alivumilia kilomita kumi.

"Dada," akasema, "kama hiyo ndio sauti ya mama yao, mimi ningebaki kwa yai."

Saa kumi na moja jioni, Dunga. Tuktuk ilinishusha penye mchanga, nikatembea hatua za mwisho nikikikumbatia kikapu. Ziwa lilikuwa limetulia, magugumaji yamejibana ufuoni. Dani alikuwa palepale nilipomwacha asubuhi. Uji aliowekewa saa nne ulikuwa umeganda kikombeni. Madam alifumbua jicho moja.

Nilipiga magoti bandani. Toa yai moja, weka kifaranga mmoja, ndivyo alivyosema afisa. Niliingiza mkono chini ya Madam, naye akaniuma juu ya mikwaruzo ya kuku wa Muhoroni. Nilitoa yai, nikaweka kifaranga. Madam alinyamaza kidogo, akaniuma tena. Yai la pili, kifaranga wa pili. La tatu. Dani alikuwa amesimama nyuma yangu, nilimsikia akihema.

Yai la nne lilipasukia mkononi mwangu.

Sitaieleza harufu hiyo kwa sababu huenda msomaji anakula. Niseme tu kwamba yai lililokaliwa siku arobaini kwenye joto la ziwa halipasuki, hulipuka, na kwamba mdomo wangu ulikuwa wazi. Nilibaki nimepiga magoti na ute wa kijani ukinitiririka kidevuni, kifaranga mkono mmoja, siwezi kujifuta wala kukimbia. Nyuma yangu nikasikia sauti kama ya mtu anayekohoa. Kisha ikawa kubwa. Dani alikuwa amekamata nguzo ya banda na kucheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwanguka.

"Yawa!" akasema. "Yawa! Madam, ona mtu!"

Lakini Madam hakuwa na habari nasi. Alikuwa ameinamisha shingo chini ya bawa lake, akisikiliza. Vifaranga walilia huko chini, naye akajibu kwa sauti ndogo ya ndani kabisa ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nilimalizia watano waliobaki haraka, na hakuniuma tena. Yule mwenye doa jeusi nilimweka wa mwisho. Madam alimgusa kwa mdomo, akamsukuma ndani mwenyewe.

Kisha Madam akainuka. Miguu ilimtetemeka, akasimama, akatoka bandani kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi, na vifaranga wanane wakamfuata kwa msururu usionyooka hadi kwenye beseni. Alikunywa. Alikunywa tena. Yule mdogo alianguka njiani, na Madam akageuka akamngoja. Hapo mimi nililia, bila kuficha. Kama kuna anayeona ni aibu mtu mzima kumlilia bata, na anione.

"Kageha," Dani akasema.

Ilikuwa miezi miwili na nusu tangu nisikie jina langu kinywani mwake.

"Dani, nisamehe," nikamwambia. "Nilimpika, na nikakudanganya. Ule uongo ndio unaoniuma zaidi."

"Nyamaza kwanza." Alirudi kigodani, akajifunga kitambaa upya, na ilimchukua muda mrefu kuliko kitambaa kinavyohitaji. "Siku ile nimetoka mazishini, Okeyo aliniletea bakuli. Akasema ni nyama ya wageni imebaki. Nilikuwa na njaa, kule walitupatia mchele tupu. Nikakula. Mfupa nikavunja, nikafyonza. Nikaambia Okeyo aniletee ingine, akasema imeisha."

Sikuwa nalijua hilo. Mume wangu, ambaye nitamshughulikia kwa wakati wake, hakuwahi kuniambia.

"Halafu Atieno akaomba ile maombi yake," Dani akaendelea. "Nikajua ni nani nilikula. Sasa ningekasirikia nani? Siwezi kukasirikia tumbo yangu. Nikakasirikia wewe. Nakaa hapa kila siku na huyu mama, nataka kumwambia, nashindwa."

Watu huniuliza nilijifunza nini katika safari hiyo. La kwanza ni kwamba uandike Kisumu kabla ya kuandika Dunga, hata ukijiona maarufu namna gani. La pili ni kwamba kwa miezi miwili na nusu nilipita mbele ya kigoda kile nikiamini kwamba kimya cha Dani chote ni adhabu yangu, na nikakipokea hivyo, nikainamisha kichwa, wala sikumuuliza hata siku moja kama yeye mwenyewe anaumwa wapi. Ilikuwa rahisi zaidi kwangu kwenda Muhoroni. Tungekaa chini siku ile ya maombi ya Atieno, tungelia kidogo pamoja, na huenda Dani asingekonda. Ninajuta, na nimemwambia hivyo.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na Madam alikuwa amewakusanya watoto wake kando ya beseni, wote wakiwa na kelele. Dani aliwatazama. Kisha akakisogeza kigoda chake karibu nami, licha ya harufu, akageuza uso upande usio wa bata, akashusha sauti.

"Na ile mchuzi," akasema, "uliweka nini?"

Nikampa Madam mgongo, nikainama sikioni mwa Dani, na kwa kunong'ona nikaanza na kitunguu.